Udhaifu wa Tatu wa Filamu ya Jeneza

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hawajalisoma, naeleza upesi. Mambo haya yamenichosha, na bado sijafika pale panaponiuma.

Mimi ni Enoch, mzaliwa wa kijiji cha Logiri. Mwaka wa 1974 nilikuwa karani wa ghala la tumbaku mjini Arua. Jumamosi nilikuwa mfasiri wa sinema. Nilisimama kando ya shuka nyeupe nikawaeleza watazamaji, kwa Kiswahili na Kilugbara, maneno ya Wazungu waliokuwa wakibishana juu ya kichwa changu.

Kiingereza changu sikupewa na baba. Nilikitafuta miaka mitano kwenye benchi la darasa la usiku, taa ya mafuta ikiniunguza nyusi. Watu waliniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Sikuwakataza.

Wiki jana niliwaambia jinsi baiskeli yangu ilivyochukuliwa na mtu mwenye bunduki, na jinsi mbuzi wangu wanne walivyokufa wiki moja. Kisha mimi na Taban, fundi wa mashine ya sinema, tukakuta mikanda mitano ya filamu moja stoo, imeachwa na Wahindi walipofukuzwa. Ilikuwa filamu ya kutisha na kuchekesha, habari ya watu waliomteka tajiri.

Niliishia pale Kapteni Saturnino, mkubwa wa burudani ya askari, aliponiita. Alitaka filamu hiyo ionyeshwe Koboko siku ya sherehe yao. Lakini kwanza alitaka ripoti, uzuri wa filamu na udhaifu wake, imepigwa chapa.

"Andika yote," aliniambia. "Mazuri na mabaya. Mimi hapana taka aibu mbele ya wakubwa."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba alitaka yote.

*

Tuliiangalia filamu mara tatu, mchana, jumba likiwa tupu. Tulikuwa mimi, Taban, na mkewe Kulusum aliyekuja na chai na kisra, ule mkate wa kwao mwembamba kama karatasi.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu watatu maskini wanamteka tajiri mwenye kinu cha unga. Wanaingia dirishani usiku, nyuso zimefunikwa soksi. Wanamtia ndani ya jeneza ili wapite naye mbele ya polisi, na polisi wanavua kofia kwa heshima. Wanamficha kwenye nyumba iliyohamwa, bila kujua kwamba mna mzimu wa bibi kizee asiyependa wageni.

Usiku wa kwanza mzimu unamtoa mbio ndugu mdogo. Usiku wa pili unamtoa wa kati. Usiku wa tatu watekaji wote watatu wamejibanza ndani ya jeneza pamoja na tajiri wao, kifuniko kinapanda na kushuka kwa pumzi zao, na tajiri anawaambia wasogee, wanamkanyaga.

Taban alicheka hadi akasahau mashine. Mkanda uliisha ukawa unapiga chapa-chapa-chapa hewani.

"Taban! Mashine!" nikapiga kelele.

"Wacha, Mwalimu! Tumbo nauma! Mutekaji naogopa mpaka naomba nafasi kwa sanduku!"

"Na wewe, Kulusum? Umeionaje?"

Kulusum alifuta macho kwa ncha ya nguo yake. "Mimi nacheka, shemeji. Lakini mkono yangu nashika shati ya Taban. Mdomo nacheka, mkono naogopa."

Niliandika maneno yale papo hapo. Yakawa uzuri wa kwanza katika ripoti yangu: *Filamu hii inamfanya mtazamaji acheke kwa mdomo na aogope kwa mkono.* Sikuandika kwamba ni maneno ya Kulusum. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyeyasafisha.

Uzuri wa pili ulikuwa macho ya yule ndugu mkubwa. Anaogopa kuliko wenzake wote, na hawezi kusema kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mwigizaji yule hakuhitaji mfasiri. Ulikuwapo pia wa tatu na wa nne. Tena nilisifu ukimya, maana kabla mzimu haujatokea muziki wote unakatika, na mtu anasikia koo la jirani yake likimeza mate.

Kisha nikafika kwenye udhaifu. Hapo kalamu yangu ikapata nguvu.

Mwalimu wetu wa darasa la usiku alituambia kwamba yeyote anaweza kusifu, bali kuona kasoro ni kazi ya aliyesoma. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu mkubwa aniulize naonaje jambo.

"Udhaifu wa kwanza," nilimsomea Taban. "Mzimu una viatu. Tunasikia visigino vyake sakafuni. Nani alimzika bibi kizee na viatu?"

"Kweli!" alisema Taban. "Weka!"

"Wa pili. Tajiri ametekwa, lakini mkewe anakaa mezani anakula nyama. Hakuna anayemlilia. Mtazamaji hajui kama mtu huyu ana thamani kwa yeyote."

"Weka. Na weka ile yangu."

"Ipi?"

"Giza. Pale makaburini, picha iko giza mno. Mutu haoni kitu. Halafu wao natukana mimi! 'Taban, washa taa! Taban, iko lala?' Wewe andika, giza iko ya filamu, hapana ya mashine yangu."

"Taban, hii ni ripoti ya sanaa. Haihusu balbu."

Alinuna. Taban alikuwa mtu wa kucheka, na uso wake haukujua kukaa umenuna, ukawa kama nguo aliyoazima.

"Basi soma ya tatu," akasema.

Nikasoma ya tatu. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, maana sijaisahau hata neno.

*Udhaifu wa tatu. Watekaji wa filamu hii wanaingia dirishani, usiku, wamefunika nyuso. Hili si kweli. Mtekaji huja mchana na hupiga hodi. Husalimia, huuliza habari za watoto, akipewa maji hunywa. Mwenye nyumba huvaa koti mwenyewe. Mkewe huwasindikiza hadi barabarani, kwa kuwa ni wageni. Mtengenezaji wa filamu angeliijua hali hii, watazamaji wangeogopa zaidi.*

Kulusum aliacha kukusanya vikombe.

Taban alizima mashine, ingawa ilikuwa imeshazimwa. "Mwalimu. Toa hiyo."

"Kwa nini? Ni kasoro."

"Toa. Watu ya namna hiyo nakaa kwa kiti ya mbele."

"Kapteni alisema mazuri na mabaya."

"Mabaya ya filamu! Wewe naandika mabaya ya..." Hakumaliza. Alitazama mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu. "Mimi nasema toa, ndugu yangu. Weka giza yangu pale."

"Nitafikiri," nikajibu.

Sikufikiri. Nilikwenda ofisini kwa tumbaku, nikachukua mashine ya chapa, nikaipiga ripoti nzima katika karatasi mbili zenye kaboni katikati. Udhaifu wa tatu niliupigia mstari.

*

Lazima niseme nilivyoyajua yale.

Jirani yangu, mtaani Awindiri, alikuwa Fabiano, karani kama mimi. Jumanne moja ya mwaka uliotangulia, saa tano asubuhi, watu wawili wenye viatu vizuri walipiga hodi kwake. Mimi nilikuwa nyumbani na homa, nimekaa uani. Mmoja alinisalimia juu ya ua: "Pole na ugonjwa, karani."

Santa, mke wa Fabiano, aliwapa maji katika bilauri ya wageni. Walikunywa yote, wakashukuru. Fabiano aliingia ndani akavaa koti. Walipotoka, Santa aliwasindikiza. Kwetu mgeni haachwi atoke peke yake kama mbwa. Alimbebea mmoja gazeti lake hadi kwenye gari, na gari lilipoondoka aliwaambia, "Karibuni tena."

Fabiano hakuonekana tena, na neno lile la karibuni tena lilimkondesha Santa kuliko njaa.

Mimi niliona yote. Niliinua hata mkono kuaga. Mwaka mmoja baadaye nikayafanya kasoro ya filamu, nikaona nimeandika vizuri.

*

Kapteni alisoma mbele yangu, polepole, penseli ikitembea chini ya kila neno. Alikuwa amenimiminia chai.

Alifika kwenye viatu vya mzimu akapiga meza. "Kweli kabisa! Maiti gani navaa viatu? Karani, wewe iko na macho!"

Nilijisikia mrefu. Nakiri hilo pia.

Penseli ikashuka, ikasimama, ikarudi juu ya mstari, ikasimama tena.

"Hii ya tatu."

"Ndiyo, Afande."

"'Hupiga hodi.' 'Akipewa maji hunywa.' 'Mkewe huwasindikiza.'" Aliyasoma bila haraka. Aliinua kichwa. "Hii wewe naona wapi?"

Hakupaza sauti. Hakuweka mkono kwenye bastola. Niliambiwa baadaye na watu wanaonipenda kwamba nilitishwa, na kwamba yeyote angefanya vile. Nataka msomaji ajue kwamba hakunitisha. Aliniuliza tu.

"Si mimi, Afande," nikasema. "Ni fundi wa mashine. Taban ndiye aliyesema, mimi nikaandika."

Lilitoka mdomoni likiwa limenyooka, kana kwamba lilikuwa tayari siku nyingi.

"Taban ya Koboko? Mtoto ya yule askari ya zamani?"

"Ndiyo, Afande."

"Mimi nafikiri yule iko mutu ya kucheka tu." Kapteni alikuna shingo kwa penseli. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka, kama mtu aliyeletewa kazi jioni akiwa ameshafunga ofisi. "Sawa. Chini ya udhaifu, piga chapa: 'Maneno ya Taban, fundi.' Yeye naweka kidole. Halafu Koboko, kabla ya filamu, wewe nasimama nasoma ripoti yote."

"Mbele ya watu, Afande?"

"Mbele ya watu. Wageni wawili natoka Kampala. Wao napenda sana kusikia mutu yenye naona mambo."

"Labda, Afande, tungefupisha. Udhaifu wenyewe si..."

"Ripoti mzuri kama hii? Kwa nini nafichwa?" Alitenganisha nakala moja na nyingine, akanipa ile ya kaboni. "Ya kwanza nakaa na mimi. Wewe nasoma, mimi nafuata na penseli."

Alinisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nimeacha chai yangu. Akanirudisha ili niimalize.

*

Jioni ile mke wangu Driwaru aliniwekea chakula akaona sili.

"Baba Anguyo, nini?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka aseme kwamba sikuwa na la kufanya.

Hakusema hivyo. Alisogeza sahani mbali nami kama vile sikustahili kuitazama.

"Anguyo alipougua," alisema, "nani alimbeba mgongoni hadi hospitali ya Kuluva?"

"Taban."

"Mvua ikinyesha."

"Ndiyo. Ikinyesha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye mtihani wa darasa la usiku. Unajua."

"Najua. Ulifaulu?"

Nilifaulu. Cheti kilikuwa ukutani nyuma yake.

"Kesho unakwenda Koboko," alisema Driwaru. "Mwambie kabla hajaweka kidole. Akijua, ana njia. Mpaka wa Kongo uko pale, na mpaka wa Sudan uko pale. Ana mjomba ng'ambo. Mwambie tu, akimbie."

"Nikimwambia akakimbia, watauliza nani alimwambia."

"Watauliza."

Nilimwahidi. Niliapa kwa jina la mtoto.

*

Njia nzima ya Koboko, nimekaa juu ya magunia katika lori la mihogo, nilikuwa najisomea maneno. Taban, nimekukosea. Taban, ondoka sasa hivi. Nilijaribu kwa Kiswahili, nikajaribu kwa Kilugbara, nikajaribu hata kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza yalitoka vizuri zaidi, lakini Taban hakujua Kiingereza.

Nilimkuta nyumbani kwao, karibu na soko, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mashine alikuwa ameshaipeleka kwenye ghala la pamba ambako filamu ingeonyeshwa saa kumi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya askari.

"Mwalimu!" Alinikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka. "Wao naniambia! Kapteni natuma mutu asubuhi! Nasema, jina ya Taban iko kwa ripoti! Kweli?"

"Kweli."

"Kulusum! Sikia! Iko kweli!"

Kulusum alitoka jikoni na unga mikononi. "Mimi nasema tangu asubuhi. Mama yake Taban, pale ndani, naomba dua. Mtoto yake hapana soma, lakini jina yake iko kwa karatasi ya serikali. Shemeji, Mungu abariki mkono yako."

Aliushika mkono huo akautia unga.

"Taban," nikasema. "Kuna jambo."

"Sema."

Alinitazama kwa uso wake wote. Hakuna aliyetukatiza. Hakuna aliyepiga hodi. Kuku wenyewe walikuwa wametulia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema maneno manne.

"Kidole," nikasema. "Kapteni anataka uweke kidole hapa."

"Haya! Kulusum, leta wino ya mtoto!" Alivuta karatasi, akaitazama kama mtu anavyotazama picha yake. Herufi zetu hakuzijua. Kulusum alisoma Kurani tangu utoto, lakini hizi za kwetu naye hakuzijua. "Jina yangu iko wapi?"

"Hapa. Chini ya udhaifu."

"Na hii namba tatu. Ile mubaya." Alishusha sauti. "Wewe natoa?"

Msomaji, hapa ndipo ninapoamka kila siku. Sikuhitaji tena kuanza mazungumzo. Alikuwa ameyaanza yeye. Alikuwa ameniuliza jambo lenyewe, akanipa mlango wazi. Ningesema hapana tu.

"Nimetoa," nikasema.

"Ukaweka nini?"

"Giza lako."

"Giza yangu!"

"Kwamba picha ya makaburini ni nyeusi mno, na kosa ni la filamu, si la mashine."

Taban alipiga kofi moja angani. Akachovya kidole gumba katika wino wa mwanawe, akakiweka chini ya karatasi, akakikandamiza na kukizungusha kidogo ili kisikosekane.

"Namba tatu?" aliuliza tena.

"Namba tatu."

"Leo hakuna mutu natukana mimi," akasema. "Leo wao nasikia kwa ripoti, giza hapana ya Taban."

Kulusum alileta chakula. Nilikula. Nilikula kila kitu walichoniwekea.

*

Ghala lilijaa. Askari walikaa kwenye magunia, watu wa mjini nyuma yao, wanawake upande wa kushoto. Mbele kabisa kulikuwa na viti vinne vya mbao. Kapteni Saturnino alikaa cha kwanza, ripoti gotini, penseli mkononi. Cha mwisho kilikuwa kitupu. Katikati walikaa wageni wawili kutoka Kampala.

Walikuwa vijana. Nilikuwa nimengoja watu wa kutisha, lakini mmoja alikuwa na mafua na alipenga kamasi kwa leso safi. Mwingine aliinuka kunisalimia. Aliuliza kama safari ilikuwa njema.

Taban alikuwa nyuma, juu ya meza mbili zilizobebanishwa, kando ya mashine yake. Kanzu yake ilionekana hata gizani.

Kapteni alinyanyua kidole. Nikaanza.

Nilisoma uzuri wa kwanza, kwamba mtazamaji hucheka kwa mdomo na kuogopa kwa mkono. Askari walipenda. Upande wa wanawake nilimsikia Kulusum akimwambia jirani yake kitu, na jirani akacheka. Nilisoma macho ya ndugu mkubwa. Nilisoma ukimya. Penseli ya Kapteni ilinifuata mstari kwa mstari.

"Na sasa udhaifu," nikasema, "kama ulivyoonwa na fundi wetu, Taban."

"Taban!" askari mmoja alipiga kelele. "Tangu lini wewe nafikiri?"

"Tangu nazaliwa!" Taban alijibu kutoka juu. "Wewe ndiyo hapana jua!"

Ghala zima likacheka. Yule mgeni mwenye mafua alicheka pia.

"Udhaifu wa kwanza. Mzimu una viatu."

Wakacheka tena. Mzee mmoja wa mjini aliuliza viatu vya namba ngapi.

"Udhaifu wa pili. Hakuna anayemlilia aliyetekwa."

Hapo hawakucheka. Mtu alikohoa. Nikawa nasikia blanketi la dirisha likipigapiga ukuta.

Nikageuza karatasi, ingawa hapakuwa na kitu cha kugeuza.

"Udhaifu wa tatu," nikasema.

Nikasimama hapo.

Nikiuruka, Kapteni ana nakala. Nikiusoma, kidole cha Taban kipo chini yake, na yeye mwenyewe atausikia, maneno yale yale aliyoniomba niyatoe. Nikisema ni wangu, basi ni wangu, na Driwaru atabaki na cheti ukutani. Miaka mitano ya darasa la usiku haikunipa jibu la nne.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Jasho liliingia machoni, herufi za kaboni zikavimba.

Penseli ya Kapteni ilikuwa imeshafika mahali pake. Ilikuwa inanisubiri.

"Karani," alisema kwa upole. "Endelea."

Watu wakaanza kupiga miluzi. "Mfasiri namaliza Kiswahili!" mmoja akasema. "Lete mwingine!"

Ndipo Taban alipoona kwamba rafiki yake amekwama, akataka kunisaidia.

"Mwalimu!" alipiga kelele kutoka juu ya meza zake, mikono ameiweka mdomoni kama baragumu. "Soma kwa nguvu! Wote nasikia! Hiyo ya tatu iko yangu! Mimi mwenyewe nasema hiyo, hapana mutu mwingine! Mimi, Taban!"

Ghala likalipuka kwa makofi. Askari waligonga miguu sakafuni. Kulusum alisimama kwenye benchi la wanawake, akaitengeneza nguo yake begani, akageuka huku na huku ili kila mtu aone ni mke wa nani.

Yule mgeni aliyenisalimia aligeuza kiti chake nyuma, bila haraka. Alimtafuta Taban kwa macho mpaka akampata. Akatabasamu, akamwinulia mkono.

Taban naye akamwinulia wake, wino bado kwenye kidole.

Mgeni mwenye mafua alimwinamia Kapteni akamwuliza neno sikioni. Kapteni hakugeuka. Alionyesha nyuma kwa penseli, juu ya bega lake, kisha akairudisha chini ya mstari.

"Haya, Mwalimu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Mwenye maneno nakupa ruhusa. Soma."